Sokoni Noryangjin, Samaki Akiwa Hai

Saa saba za usiku, wakati sehemu kubwa ya jiji la Seoul imeshalala, malori yenye matangi ya maji ya bahari hurudi kinyumenyume hadi kwenye milango ya soko la Noryangjin, kusini mwa Mto Han. Seoul haiko pwani. Bahari ya magharibi iko Incheon, mwendo wa saa moja hivi, na ile ya mashariki iko ng'ambo ya milima. Hata hivyo, kabla ya alfajiri sakafu ya soko hili hujaa masanduku ya kaa, kome, chaza, ngisi na samaki ambao bado wanatweta. Mnada ukifunguliwa, dalali hupandisha sauti na kuimwaga kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata, na wanunuzi hujibu kwa ishara za vidole. Bei hukubaliwa, sanduku huvutwa pembeni, linaingia lingine.

Soko hili lilianzishwa mwaka 1927 karibu na kituo kikuu cha treni cha Seoul, enzi za utawala wa Kijapani, na likahamia Noryangjin mwaka 1971. Jengo jipya lililopo sasa, lenye ghorofa, viyoyozi na ngazi za umeme, lilifunguliwa mwaka 2016. Baadhi ya wachuuzi walikataa kuingia humo. Walisema vizimba ni vidogo na kodi ni kubwa, wakaendelea kuuza katika banda la zamani, na mvutano huo uliendelea hadi mwaka 2019 walipoondolewa kwa nguvu. Anayetembea leo kati ya matangi yanayong'aa hana budi kukumbuka kwamba usafi huo ulikuwa na gharama, na kwamba waliobeba gharama hiyo ni watu waliokuwa wameuza samaki pale kwa miongo mingi.

Kwa mgeni aliyezoea samaki wa barafu, jambo la kwanza linalomshangaza ni maji. Kila kizimba kina matangi yake, na kila tangi lina mpira mwembamba unaopuliza hewa. Gayogayo, yule samaki bapa mwenye macho mawili upande mmoja, amelala chini akipumua taratibu. Wengi wa gayogayo hawa hawakuvuliwa. Wamefugwa katika matangi ya nchi kavu kisiwani Jeju. Mikunga wamejikunja pamoja kama kamba zilizotupwa ndani ya ndoo. Kaa wakubwa kutoka bahari za Urusi wamepangwa mmoja juu ya mwenzake, miguu imefungwa mpira. Mkorea akija kununua samaki wa kuliwa mbichi hatafuti samaki aliyekufa asubuhi. Anamtaka aliye hai, amwone akigeuka, amnyooshee kidole.

Baada ya hapo mambo huenda haraka. Samaki hutolewa kwa kimia na kutupwa kwenye mizani, na bei hutajwa kwa kilo. Wanaolijua soko humwambia muuzaji amwage kwanza maji yaliyobaki kwenye kikapu, maana maji nayo yana uzito. Mteja humwita muuzaji mwanamke kwa jina la mama mdogo hata kama hawana undugu wowote, na hupatana naye kwa heshima hiyohiyo. Wakielewana, kisu kinashuka nyuma ya kichwa, uti wa mgongo unakatika, damu inachuruzika, na ndani ya dakika chache nyama nyeupe inayopenyeza mwanga imeshapangwa kwenye sahani. Mteja hupanda nayo ghorofani. Huko kuna mikahawa ambayo haiuzi samaki. Inatoza kila mtu kiasi kidogo kwa meza, majani, kitunguu saumu, pilipili na mchuzi mwekundu wa kuchovya wenye ukali wa siki. Kichwa na mifupa hurudi jikoni na kuja tena mezani baadaye kama supu kali ya kuchemka. Hakuna kinachotupwa.

Wajapani, ambao nao ni mabingwa wa samaki mbichi, mara nyingi huiacha nyama ipumzike kwa saa kadhaa au hata siku, ili ilainike na utamu wake uongezeke. Wakorea wengi wanaitaka kabla haijalegea, ingali imekaza, ipambane kidogo na meno. Kwao utamu uko katika ulimi na katika taya pia. Mtu akilikosa hilo ataondoka Noryangjin akisema samaki wao hana ladha, kumbe alikuwa anatafuta kitu ambacho mpishi hakukusudia kumpa. Kipande cha gayogayo hufungwa ndani ya jani pamoja na kitunguu saumu na pilipili, kisha tonge lote huingia mdomoni mara moja. Ladha huja nyuma, baada ya kutafuna sana.

Upande mwingine wa soko kuna viumbe ambao mgeni hawezi kuwaita samaki.

Wa kwanza ni meongge. Ana umbo la nanasi dogo, rangi ya chungwa iliyokolea, na ngozi yenye vinundu vigumu. Hufugwa kwenye kamba zinazoning'inia baharini karibu na Tongyeong na Geoje, kusini mwa nchi. Mama mdogo akimpasua, maji yanaruka, na ndani hutoka nyama laini ya manjano. Ladha yake ni vigumu kuifananisha. Kwanza ni chumvi na harufu kali inayopanda puani, kisha uchungu kidogo, halafu utamu ambao hubaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Wapo Wakorea wasiompenda. Wanaompenda humsubiri majira ya kuchipua kwa hamu.

Wanabayolojia wana habari ya ajabu zaidi kuhusu kiumbe huyu. Akiwa mchanga huogelea, ana mkia, na ndani ya mkia kuna ufito unaolingana na ule unaotangulia uti wa mgongo katika kiinitete cha binadamu. Akipata mwamba wa kukaa hujibandika, akaufyonza mkia wake pamoja na sehemu kubwa ya mfumo wake wa fahamu, na kuishi maisha yaliyobaki akichuja maji tu. Kwa nasaba, nundu hili la chungwa liko karibu na binadamu kuliko pweza, kaa au chaza. Macho ya mnunuzi hayawezi kuliona hilo. Macho humwonea huruma kiumbe mwenye macho.

Kisha yupo gaebul, mnyoo mnene wa rangi ya waridi anayechimba shimo kwenye tope la bahari. Ndani ya tangi hujivuta na kujitanua, na umbo lake huwafanya wageni wengi wacheke na kugeuza uso. Akishakatwa na kuoshwa, kilichobaki ni vipande vitamu vinavyolia menoni. Kando yake kuna jongoo bahari, analiwa mbichi, mgumu na baridi. Kuna pia majongoo bahari, konokono na chaza kutoka Jeju waliotolewa chini ya bahari na wanawake wanaopiga mbizi bila mtungi wa hewa. UNESCO iliutambua utamaduni wa wanawake hao mwaka 2016. Wengi wao wamevuka miaka 60, na wengi wa mabinti zao hawajafuata kazi hiyo.

Ni rahisi kuyaita haya yote vyakula vya ajabu, kupiga picha na kwenda zako. Lakini chakula hakiwi cha ajabu chenyewe. Kila kitu kilichomo matangini kina sababu ya kuwa pale, na mara nyingi sababu hiyo ni njaa.

Busan ndipo hilo linapoonekana waziwazi. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, jiji hilo la bandari, kusini mashariki kabisa, halikutekwa. Likawa makao ya muda ya serikali na kimbilio la watu wengi waliokuja na mizigo kichwani. Kando ya maji, mahali paitwapo Jagalchi, wanawake walitandaza bidhaa zao chini na kuuza chochote ambacho mashua zilileta. Wengi walikuwa wamepoteza waume au hawakujua waliko. Mpaka leo Jagalchi ni soko la wanawake, ingawa tangu mwaka 2006 lina jengo kubwa la kisasa. Chakula kimoja kilichokua pale ni kiumbe mrefu mwenye ute mwingi, anayefanana na mkunga lakini hana taya wala macho ya maana. Enzi za Wajapani ngozi yake ilitengenezewa vitu vya ngozi, na nyama ilikuwa kitu kisichohesabiwa. Wakimbizi wakaichoma juu ya makaa, wakaipaka pilipili, wakala na wakauza. Leo watu husafiri kwa treni ya kasi kutoka Seoul kwenda kula chakula hicho, na wanakilipia vizuri.

Kusini magharibi, katika eneo la Jeolla, kuna samaki aitwaye taa aliyechachushwa hadi harufu yake ichome macho. Mwili wa taa una urea nyingi. Akikaa, urea hugeuka amonia, na amonia huzuia vijidudu vya uozo. Simulizi ya huko inasema wavuvi wa kisiwa cha Heuksan walipokuwa wakisafirisha samaki kwenda bara kwa siku nyingi, wengine wote waliharibika, lakini taa alinuka bila kumdhuru mlaji. Sasa huliwa harusini, pamoja na nyama ya nguruwe iliyochemshwa na kimchi iliyokomaa. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aliyekulia kwenye harufu ya papa mkavu hatapata shida kubwa kuelewa jinsi harufu inavyoweza kuwa kitoweo.

Heuksan ndiko alikopelekwa uhamishoni msomi Jeong Yak-jeon mwaka 1801, alipokumbwa na msako dhidi ya Wakatoliki. Alikuwa mtu wa mji mkuu na wa vitabu. Badala ya kununa, aliwauliza wavuvi. Kijana mmoja wa kisiwani, Chang-dae, alimfundisha majina na tabia za viumbe vya bahari, na msomi akamtaja katika dibaji ya kitabu chake. Mwaka 1814 alikamilisha *Jasan eobo*, kitabu kinachoeleza zaidi ya aina 200 za viumbe wa bahari ile: umbo lao, ladha yao, na dawa zinazopatikana ndani yao. Alifariki mwaka 1816 bila kurudi kwao. Miaka mia mbili baadaye bado hakuna njia bora ya kuingia Noryangjin kuliko yake, yaani kumuuliza aliyeshika kisu.

Na ndani ya kitabu hicho yumo pweza. Jeong aliandika kwamba ng'ombe aliyekonda na kuchoka akilishwa pweza watatu au wanne hupata nguvu papo hapo. Imani hiyo haijafa. Wazee wa Korea hula pweza wanapotoka kwenye ugonjwa, na wafanyakazi humla msimu wa kazi ngumu. Jioni jijini Dar es Salaam, mbele ya sufuria la supu ya pweza pembeni mwa barabara, sifa inayotolewa ni ileile, na wanaume wanaokunywa vikombe viwili hawahitaji kutafsiriwa walichoandika Wakorea.

Tofauti ni kwamba pweza wa Dar es Salaam amepigwa, amechemshwa na ametulia. Wa Noryangjin anacheza. Pweza huyo ni mdogo, mwenye mikono mirefu myembamba, na huchimbuliwa kwa mikono na koleo kwenye matope ya Sinan na Muan maji yanapokupwa. Matope ya Sinan, miongoni mwa yenye uhai mwingi zaidi duniani, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Sokoni hukatwa kwa visu viwili vinavyopishana kwa kasi juu ya ubao, humwagiwa mafuta ya ufuta na chumvi, na kuletwa mezani vipande vikijinyonganyonga. Vinyonyeo vyake hung'ang'ania sahani, vijiti, mdomo na shavu. Ladha yenyewe ni ndogo: ufuta, chumvi, utamu wa mbali. Kinacholiwa hasa ni ule mwendo. Na hapa hakuna mzaha, maana kipande kisichotafunwa vizuri kinaweza kunata kooni, na watu wamekufa hivyo, hasa wazee. Atakayekula atafune mpaka kitulie kabisa.

Nje ya Korea chakula hiki kilijulikana sana kupitia filamu ya *Oldboy* ya Park Chan-wook, ya mwaka 2003, ambamo mhusika mkuu anatafuna pweza mzima akiwa hai. Mwigizaji wake, Choi Min-sik, ni Mbudha. Tukio lilirudiwa mara kadhaa na pweza wanne walitumika, naye aliomba dua kwa ajili yao. Watazamaji wengi walikumbuka mikono iliyokuwa ikijipinda usoni mwake. Dua hiyo ndiyo iliyostahili kukumbukwa zaidi, kwa sababu inakiri kwamba kulikuwa na mtu wa kuombwa radhi.

Je, pweza anaumia? Mikono iliyokatwa inacheza kwa sababu pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na zaidi ya nusu ziko mikononi. Mkono hauhitaji ubongo ili ujikunje. Kwa hiyo mwendo wa kwenye sahani si kilio. Swali liko nyuma kidogo, kwenye ubao, katika zile sekunde ambazo mikono inakatwa na kichwa bado ni kizima. Mwaka 2021 mtafiti Robyn Crook wa San Francisco alichapisha jaribio ambamo pweza walidungwa asidi iliyomo ndani ya siki. Walikikwepa chumba walichokuwamo walipodungwa, wakakitunza kidonda, na walipopewa dawa ya ganzi tabia hiyo ilikoma. Hiyo ni zaidi ya kushtuka. Mwaka uliofuata Uingereza ilipitisha sheria inayowatambua pweza, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia. Sheria hiyo haikukataza upishi wowote, lakini ilifunga mlango wa kusema hatujui.

Inafaa kusema wazi kwamba mgeni hana haki ya kufika Noryangjin na kuhubiri. Samaki anayekata roho polepole ndani ya nyavu au juu ya rundo la barafu, mbali na macho ya atakayemla, huteseka zaidi kuliko gayogayo anayekatwa uti kwa pigo moja mbele ya mnunuzi. Soko la Korea linamlazimisha mlaji kuona, na hiyo ni adabu ambayo masoko mengi makubwa ya chakula yameipoteza. Lakini kuona kunaleta wajibu. Ikiwa mikono itaendelea kucheza hata baada ya ubongo kuharibiwa, basi hakuna sababu ya kuikata kabla ya hapo. Wapo wauzaji wanaomaliza kichwa kwanza. Hawapotezi chochote, na mteja hapotezi chochote.

Bahari nayo inabadilika, na ugeni wa leo huenda ukawa adimu kesho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Korea walivua ngisi wa maji yao zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 walipata kama tani 23,000. Yule samaki wa baridi wanayemkausha milimani kwa supu za asubuhi, myeongtae, alitoweka katika maji yao kiasi kwamba tangu mwaka 2019 ni marufuku kumvua, na wengi wa wanaoliwa sasa wanatoka Urusi. Mwezi Agosti 2023 Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, hofu ilikuwa imeshatangulia sokoni. Miezi miwili kabla ya hapo wabunge wa chama tawala cha wakati huo walikuja Noryangjin kuwatia watu moyo, na mmoja alichota maji ya tangi kwa kiganja na kuyanywa. Wachuuzi walihitaji wateja zaidi ya maonyesho.

Uhusiano wa soko hili na pwani yetu ni wa karibu kuliko ramani inavyoonyesha. Jongoo bahari, ambaye Mkorea humkata na kumla kwa mchuzi wa siki, Zanzibar huokotwa, huchemshwa, hukaushwa na kupelekwa Asia. Watoto wa Unguja wamekua wakimruka ufukweni bila kuwaza kwamba ni kitoweo, na kwa kuvunwa sana amepungua. Shirika la misaada la Korea, KOICA, pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilisaidia Zanzibar kujenga kituo cha kutotoa vifaranga vya viumbe vya bahari huko Beit el Ras, majongoo hao wakiwemo, pamoja na mwatiko na kaa. Kwa hiyo ndugu wa kiumbe kinachomshangaza Mswahili akiwa Seoul huenda amelelewa karibu na nyumbani kwake.

Msomaji atakayebahatika kufika Seoul asiishie kwenye majumba ya kifalme. Apande treni hadi Noryangjin, aulize bei ya kilo kabla ya kunyoosha kidole, ale meongge japo kipande kimoja, na aisubiri supu ya mifupa. Akitaka pweza, na amwombe mama mdogo atoboe kwanza katikati ya macho, ndipo akate. Ni kazi ya sekunde moja, na uzito umeshapimwa.